Nani Alikuwa Ndani ya Nyumba ya Mbatiany?

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nitawasimulia habari za watu waliokuwepo kweli: mzee mmoja aliyeheshimiwa kuliko wote katika nchi yake, wanawe wawili, na asubuhi moja iliyowafanya ndugu hao wapigane kwa zaidi ya miaka kumi.

Mzee aliitwa Mbatiany. Alikuwa laiboni mkuu wa Wamaasai katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati nchi ya Wamaasai ilipoenea kutoka Laikipia hadi nyika za kusini ambazo leo ziko Tanzania. Ila kabla hatujaenda mbali, tuelewane laiboni ni nani, maana wageni waliofika huko walikosea papo hapo, na kosa lao mtaliona likizaa mambo.

Laiboni hakuwa mfalme. Wamaasai hawakuwa na mfalme. Mambo ya nchi yaliamuliwa na wazee wakikaa chini ya mti, mmoja baada ya mwingine akisimama na fimbo yake na kusema lake, hadi wakubaliane. Morani, yaani vijana wa rika moja waliokwisha kutahiriwa, walikuwa na msemaji wao, olaiguenani. Laiboni hakuwa na askari wala hakutoza kodi. Kazi yake ilikuwa kuona yasiyoonekana. Alitikisa vijiwe ndani ya pembe ya ng'ombe au kibuyu, akavimwaga, akavihesabu mafungu mafungu, na katika hesabu ile akasoma mvua itanyesha lini, ugonjwa umetoka wapi, morani watoke au wangoje. Ndoto nazo alizisikiliza. Morani wakitaka kwenda mbali kuteka ng'ombe, walimwendea kwanza awape dawa na baraka. Wakirudi na mifugo, walimtengea fungu lake. Kwa hiyo, ingawa hakumwamuru mtu, neno lake lilifika mahali ambapo neno la mzee mwingine halikufika.

Kazi hiyo haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya nyumba moja, Inkidongi. Husimuliwa kwamba babu yao wa kwanza alikutwa na watu wa ukoo wa Aiser ameketi peke yake juu ya mlima, mdogo wa umbo hata wakadhani ni mtoto. Wakamchukua nyumbani kwao, kumbe wamembeba laiboni. Tangu siku hiyo kipaji kikawa kinatoka kwa baba kwenda kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, hadi kikamfikia Supeet, na Supeet ndiye aliyemzaa Mbatiany.

Hapo ndipo penye tatizo, wanangu. Laiboni mkubwa huoa wake wengi na kupata wana wengi, na wote ni Inkidongi. Ukoo unawaambia watu mrithi atatoka mlango upi. Hauwaambii ni yupi kati ya wale walio mlangoni.

Mbatiany alikuwa na jicho moja, na watu walisema jicho lile liliona mbali kuliko macho mawili ya mtu mwingine. Hukumbukwa kuwa alitabiri kuja kwa watu weupe na balaa litakalowamaliza ng'ombe. Balaa lilikuja kweli. Katika miaka ya 1880 ng'ombe walianza kufa kwa homa ya mapafu. Kisha, kuelekea mwaka 1890, ikaingia sotoka kutoka upande wa Pembe ya Afrika. Sotoka ilikuwa ikimaliza zizi zima kwa siku chache. Nyuma ya sotoka ikafuata ndui, na nyuma ya ndui njaa. Wamaasai wanaiita miaka hiyo Emutai. Na kama vile hayo hayakutosha, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kukubaliana mwaka 1886 kuchora mpaka kutoka pwani hadi ziwa Viktoria, ukapita katikati ya malisho ya Wamaasai bila wao kuulizwa.

Katikati ya misiba hiyo, yapata mwaka 1890, Mbatiany akawa anakata roho.

Yasemwa hivi. Mzee alipoona siku zake zimekwisha, aliwaita wazee wa Matapato, sehemu alimokuwa akiishi. Akawaonya wasihame. Wakibaki, atawaletea ng'ombe kutoka mbinguni. Wakihama, ndui itawaua, mifugo yao itateketea, na adui mwenye nguvu atawashinda vitani. Kisha akawapa agizo la mwisho: mrithi wake ni yule mwanawe atakayemkabidhi vifaa vya ulaiboni, na huyo wamtii. Wazee wakaitikia, wakaondoka.

Lishikeni agizo hilo vizuri, maana mzee hakutaja jina.

Wazee walipokwisha kwenda, akamwita Sendeyo, mwanawe mkubwa, akamwambia aje asubuhi apokee vifaa. Sendeyo akakubali, akaenda kulala.

Sasa niwaingize ndani ya nyumba ya Kimaasai, ili mwone jambo hili lilivyowezekana. Nyumba hujengwa na akina mama, kwa fito zilizofungwa na kukandikwa samadi ya ng'ombe. Ni fupi, mtu mzima haingii bila kuinama. Ukishapita mlango, pembeni yako pana kizizi kidogo cha ndama, kwa sababu ndama wachanga hawalazwi nje kwenye baridi na fisi. Mbele kidogo pana moto, na kandokando ya moto vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi. Dirisha ni tundu tu la kutolea moshi. Kati ya ndama na kitanda pana ukuta wa fito, basi. Aliyejibanza kwa ndama atasikia kila neno linalosemwa kitandani, na aliye kitandani hatamwona.

Kwa ndama ndipo alipokuwa Olonana, ndugu yake Sendeyo, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Lenana.

Alfajiri, Sendeyo angali amelala, Olonana akaingia kwa baba yake na kusema amefika. Hakujitaja jina, wala hakujiita Sendeyo. Mzee alikuwa mkongwe, jicho lake moja limechoka, na ndani hamkuwa na mwanga. Akaona aliyemwita kaja. Akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe na mkoba, akambariki awe mkuu kati ya ndugu zake na kati ya watu wote. Olonana akavipokea, akatoka.

Jua lilipopanda Sendeyo akaja mikono mitupu, akaondoka mikono mitupu. Aliambiwa ndugu yake ametangulia. Akaapa kwamba hatakuwa chini ya Olonana, na kwamba atapigana naye hadi amuue.

Najua mnachotaka kuniuliza: mbona mzee hakumwita Olonana na kumnyang'anya? Wale mliosoma kitabu cha Mwanzo mmekwisha kujibu wenyewe. Isaka naye alikuwa kipofu wa uzee, Yakobo akaingia mahali pa Esau, na baraka ikishatoka kinywani hairudi. Visa hivi viwili vimefanana mno, ila pana tofauti moja. Yakobo alisema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Esau. Olonana, kwa jinsi hadithi inavyosimuliwa, hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu mahali ambapo mwingine angesema.

Mbatiany akafa, akazikwa karibu na Oldoinyo Orok, ule mlima wa Namanga ambao leo uko mpakani pa Kenya na Tanzania. Na hapo watu wakagawanyika.

Sikilizeni hoja za kila upande, maana zote mbili zina uzito. Waliobaki na Olonana walisema: mzee alituagiza tumfuate atakayepewa vifaa, na vifaa tunaviona viko mkononi mwa nani. Waliokwenda na Sendeyo walisema: tunajua mzee alimwita nani, na laghai hawezi kutuongoza. Hakuna upande uliosema Mbatiany apuuzwe. Wote walidai kumtii. Mmoja ulishika maneno yake, mwingine ukashika nia yake. Nabii aliye hai ukitofautiana naye kwa maneno yake, unamwendea ukamuulize alikusudia nini. Akishakufa, anayejibu ni yule anayemsemea.

Vita vikaanza. Wapurko na Waloitai ni sehemu mbili za Wamaasai: Wapurko wengi walikuwa na Olonana, Waloitai wengi walikuwa na Sendeyo. Sendeyo akakaa upande wa Wajerumani, Olonana upande wa Waingereza, na mpaka ule uliochorwa na wageni ukawa mpaka kati ya ndugu. Hadithi yasema watu wa Sendeyo walipatwa na maradhi, ng'ombe wao wakafa, na Wajerumani wakawashinda, sawasawa na lile onyo la mzee kwa watakaohama. Watu wa Olonana wakapona, wakapata ng'ombe. Mwaka 1902 Sendeyo alichoka. Akamwendea mdogo wake kuomba waishi pamoja, na amani ikafanyika.

Kwa hiyo unabii ukatimia, na msikilizaji anaondoka akiamini kwamba hata kama Olonana alipita kwa mlango wa ndama, mbingu zilimkubali. Wengine watakwenda mbali zaidi waulize: mzee aliyeona wageni kabla hawajafika, angeshindwa kumjua mwanawe aliyesimama mbele yake? Labda alijua.

Lakini mimi nataka tuwafuate wale ng'ombe wa mbinguni tuone walipita njia gani. Katika miaka ile ya njaa, Wamaasai waliofilisika walikimbilia jirani na ngome ya Waingereza huko Kabete. Olonana akafanya urafiki na maofisa wao. Waingereza walikuwa wachache na walihitaji wapiganaji. Morani walikuwa wengi na walihitaji mifugo. Morani wakawa wanafuatana na askari wa serikali katika misafara ya kupiga jamii zilizokataa kutawaliwa, na malipo yao yalikuwa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Hivyo ndivyo mazizi yalivyojaa tena. Aliyekuwa na Olonana alipata ng'ombe, na aliyepata ng'ombe hakuwa na sababu ya kumwacha.

Mkoba ulimpa Olonana madai ya kuwa mrithi. Ng'ombe ndio waliompa watu.

Na watu wanaweza kutoa, wanaweza pia kunyang'anya. Jirani zao Wanandi walikuwa na kiongozi wa namna hiyohiyo, orkoiyot, wa ukoo wa Talai, ambao masimulizi yanauunganisha na malaiboni wa Kimaasai. Miaka hiyohiyo, yapata 1890, Wanandi walimlaumu orkoiyot wao Kimnyole kwa maafa yaliyowapata, wakampiga kwa marungu hadi akafa. Naye aliacha wana waliogombea mahali pake. Kipchomber arap Koilegei alishindwa, akaenda kwa Wakipsigis akawa kiongozi wao. Koitalel arap Samoei alishinda, akawaongoza Wanandi kupinga Waingereza na reli yao, hadi alipopigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 katika kikao alichoitiwa kama cha kupatana. Mnaona? Miaka ileile, tatizo lilelile: nabii mmoja, wana wawili, watu wanaoangalia ni yupi atawavusha.

Majina ya familia ya Mbatiany yako juu ya Mlima Kenya mpaka leo. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni mwaka 1899, alikiita kilele kirefu kuliko vyote Batian, kwa jina la mzee. Kina mita 5,199. Cha pili, Nelion, mita 5,188, kimechukua jina la ndugu wa mzee. Cha tatu ni Lenana, mita 4,985, na hicho ndicho wanachopanda wageni na wanafunzi wengi, kwa sababu hakihitaji kamba. Sendeyo naye anacho chake, mita 4,704, pembeni zaidi, na wanaokijua ni wachache. Mackinder alipokuwa akigawa majina, ndugu wenyewe walikuwa bado vitani.

Sasa nirudi kwenye lile kosa la wageni. Waingereza walizoea nchi zenye mfalme, wakatafuta mfalme wa Wamaasai, wakamwona Olonana ana heshima, wakamtambua kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Mtu aliyekuwa msomaji wa vijiwe akafanywa mtia sahihi. Mwaka 1904 yeye na viongozi wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba uliowatoa Wamaasai katika malisho mazuri ya Bonde la Ufa, kwenye maeneo ya Naivasha na Nakuru, ili yakaliwe na walowezi. Baadhi walipelekwa kaskazini, Laikipia, wengine wakabaki kusini. Mkataba uliahidi kwamba mambo yatakuwa hivyo maadamu Wamaasai wapo duniani.

Haikupita miaka saba, walowezi wakaitaka Laikipia pia. Na hapo, mwezi Machi 1911, Olonana akafa.

Sikilizeni sasa, maana hadithi inajirudia mbele ya macho yenu. Serikali ilitangaza kwamba Olonana, kabla hajakata roho, aliacha wosia: Wamaasai wa Laikipia watoke, waje kusini, waishi pamoja na wenzao na kuitii serikali. Wosia ukaja wakati uleule serikali ilipouhitaji. Mwezi Aprili mkataba mpya ukatiwa sahihi, na mbele ya majina yote likawekwa jina la Segi, mwana wa Olonana, kijana aliyepewa cheo cha baba yake.

Cheo kilikuwa kimepita kwa mwana, kama zamani. Lakini Waloitai na Wapurko hawakuwa wamekaa safari hii kuamua wamfuate nani. Na wapo waliokataa. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko wa Laikipia, hakuwa laiboni. Alikuwa olaiguenani, msemaji wa rika lake, na alisimama kuwasemea watu wake. Mwaka 1913 yeye na wenzake wakapeleka kesi mahakamani, wakiajiri wanasheria, kudai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado na nguvu na kwamba waliotia sahihi ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wa Laikipia. Mahakama ikasema mikataba ile ni mambo ya dola na dola, haiwezi kuiamua. Wakashindwa, na Laikipia ikawapotea.

Basi wanangu, huenda mnajiuliza uongozi wa nabii hupitaje kwa mrithi. Nimewaonyesha njia zake. Kuna damu, inayosema nani anastahili kusimama kwenye mstari. Kuna vifaa na baraka, vinavyomtoa mmoja mbele ya wenzake. Kuna watu, wanaoamua kumfuata au kumwacha, na hao huangalia kama mvua imenyesha na kama zizi limejaa. Na mahali pengine huwapo mkono mwingine, mtu wa nje mwenye bunduki na karatasi, anayemtaka mrithi atakayemfaa yeye.

Ila katika kila hatua kuna kitu ambacho watoto wengi hukipita haraka kwa sababu kimefichwa ndani ya hadithi yenyewe: neno la mwisho. Neno la Mbatiany kwa Sendeyo lilisemwa ndani ya nyumba yenye giza, na aliyefaidika nalo alikuwa amejibanza kwa ndama. Neno la Olonana kwa Wapurko lilitangazwa na wale waliokuwa wakiitaka ardhi yao. Kisa cha zizi la ndama chenyewe kilichapishwa katika kitabu cha Alfred Hollis, ofisa wa serikali ya Kiingereza, mwaka 1905, Olonana akiwa chifu mkuu na Sendeyo amekwisha kusalimu amri. Siwaambii kwamba ni cha uongo. Nawaambia kwamba tumepokea hadithi ya ndugu wawili kutoka nchi iliyokuwa mikononi mwa mmoja wao.

Siku moja mtakuwa watu wazima, na mtasikia mambo kama haya msikitini, kanisani, kwenye ukoo, hata katika chama cha siasa. Mzee mkubwa atafariki, na mtu atasimama aseme kwamba marehemu, usiku ule wa mwisho, alimwambia yeye peke yake. Msimtukane mtu huyo, kwa sababu huenda anasema kweli. Msikilizeni kwa adabu hadi amalize. Kisha mmoja wenu anyooshe mkono aulize: “Na mle ndani mlikuwa wangapi?”